Kikombe cha Bati Kilichopinduliwa

Naandikia wewe uliyeambiwa utapasuliwa, au umeshapasuliwa na unasoma hii ukiwa umelala chali kwa sababu ubavu haukubali. Sitakueleza utumbo unavyofanya kazi. Daktari alinieleza mara mbili, na mara zote mbili nilitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri ya lugha asiyoijua. Nitakuambia yale ambayo hakuna aliyeniambia. Chukua kinachokufaa, kingine niachie, hatutagombana.

Ilikuwa ile miaka ya miwa. Kama wewe ni wa juzi huwezi kujua. Kutoka Mayoni ungetembea kati ya kuta za miwa usione nyumba wala mtu, trekta zikipita na trela zilizojaa hadi kumwaga, na hewa yote inanuka molasi. Siku ya malipo kila mtu alikuwa mtu mkubwa. Watu walinunua redio, wakaoa, wakapigana, wakauza redio. Mimi sikulima miwa. Nilikuwa dalali wa ng'ombe, na hakuna mnunuzi ninayempenda kama mtu mwenye pesa mpya, kwa sababu anaogopa kuonekana hajui ng'ombe.

Udalali una sheria moja tu ya kushika: anayetaja bei kwanza ameshindwa. Unasimama kando ya mnyama, unatazama kwato, unatazama mbingu, unaongea habari ya mvua. Mwenzako naye anaongea habari ya mvua. Atakayechoka kwanza ndiye atakayeenda nyumbani akijilaumu. Mimi sikuwahi kuchoka. Kumbuka hilo, kwa sababu karibu liniue.

Tumbo langu lilikuwa likiniunguza kwa muda mrefu. Nilikuwa nalituliza kwa maziwa na magadi, na likikataa nalitukana. Siku moja ya soko nilikuwa nimeweka mkono juu ya nundu ya fahali, mnunuzi ameshaanza kutoka jasho, kitu kikapasuka ndani yangu kama gurudumu la trela. Nilipiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe. Mnunuzi alidhani ni mbinu. Akapandisha bei. Sikuweza hata kumjibu, na hilo mpaka leo linaniuma kuliko kovu.

Walinitupa nyuma ya pikapu iliyokuwa inapeleka kuku Kakamega, na ndugu yangu mkubwa, Shiundu, akanishika katikati ya magoti yake. Lazima nikuambie Shiundu ni nani. Sisi ni watu wa Kabras, Mayoni tulihamia kutafuta. Kwetu kijana hutahiriwa akiwa amesimama wima, asubuhi na mapema, amepakwa matope, kijiji kizima kinamtazama uso. Baba yetu alikuwa ameshakufa, kwa hiyo aliyesimama nyuma yangu na rungu siku yangu alikuwa Shiundu. Ukipepesa jicho, ukikunja uso, rungu ni lako na aibu ni ya ukoo. Sikupepesa. Shiundu alijivunia rungu ambalo halikufanya kazi kuliko mimi nilivyojivunia kisu. Na katika nyumba yetu, aliyesimama nyuma yako haondoki hapo. Yeye ndiye mwenye neno juu ya maumivu yako mpaka mmoja wenu azikwe.

Basi kila pikapu ilipoanguka kwenye shimo nami nikafungua mdomo, aliniinamia sikioni.

"Nyamaza. Watu wanasikia."

Watu wenyewe walikuwa kuku.

Hospitali sitaitaja. Tangu wakati ule imebadilisha jina na paa, na watu wake wengi wamestaafu. Walinipasua jioni hiyo hiyo. Nilipoamka nilidhani bado wanakata. Hakuna aliyeniambia hivyo, ndiyo maana nakuambia wewe: ganzi inapoondoka haiagi. Ilikuwa kama nimeingizwa kati ya yale magurudumu ya chuma ya kiwandani yanayokamua miwa, yakanishika tumbo, yakasimama hapo hapo, yakakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nilitaka kunguruma. Nikafungua macho, nikaona uso wa Shiundu juu yangu, umepinduka, taya limebana. Alikuwa amesimama kichwani pangu. Nikafunga mdomo.

Wadi ya wanaume ilikuwa mavuno ya miwa. Kulikuwa na wakata miwa waliokatana wenyewe siku ya malipo, mtu aliyelaliwa na trela, na mmoja aliyeacha vidole kwenye mnyororo wa trekta na kutwa nzima alikuwa akivitafuta kwa mkono ule mwingine. Wawili waliokuwa wamekatana panga kwa ajili ya mwanamke wa kilabuni walilazwa vitanda vinavyotazamana, kwa hekima ya nani sijui. Asubuhi moja mmoja aling'oa chuma cha kutundikia chupa ya maji ya dripu, akavuka na bendeji zake zikiburuta, akampiga mwenzake nacho kifuani. Mwenzake akamrushia sufuria ya haja. Wadi nzima ilicheka. Mimi nilicheka mara moja tu. Nilihisi nyuzi zangu zikivutwa moja moja kama mtu anayefungua gunia, na jasho likanitoka mpaka kwenye masikio. Tangu hapo mtu akianza hadithi ya kuchekesha nilikuwa nageuza uso ukutani.

Kitanda cha jirani alilala mwalimu mmoja wa chuo cha kilimo cha Bukura, mtu mnene, mpole, aliyetolewa kidole tumbo. Huyu hakuwa na aibu hata ya kukopesha. Ikimshika tu, anaita kwa sauti ya darasani, "Sista, naumwa, lete sindano." Na ilikuja. Wanaume walimfanya chakula cha mzaha. Yule asiye na vidole alimuuliza kama alitahiriwa na daktari.

"Ndiyo," mwalimu akasema, "na alinipiga ganzi. Nikalala. Nilipoamka nilipewa soda."

Wadi ilinguruma. Mimi nilitazama ukuta. Lakini nakuambia nilichokiona: nyuzi zangu zilipokuwa bado zinanuka dawa, mwalimu alikuwa tayari anatembea kwenye ukumbi na dripu yake kama mtu anayepeleka mbuzi malishoni, na kabla sijakaa kitako yeye alikuwa ameshavaa suruali yake na kwenda kwao Bukura. Tulimwita mtoto wa mama. Mtoto wa mama alienda nyumbani.

Sindano zenyewe zilikuwa chini ya Sista Ayuma. Huyu mama alikuwa mrefu, wa Lurambi, na viatu vyake vilisikika kabla hujamwona. Alizilinda kama mtu anavyolinda mbegu ya mwisho wakati wa njaa. Kabati lilikuwa na kufuli mbili na kila ufunguo ulishikwa na mtu wake. Wewe unaweza kufikiri alikuwa na roho mbaya. Hakuwa nayo. Alikuwa anaogopa. Alimwambia mwalimu, nami nikisikia, kwamba amewahi kuona mtu aliyetoka pale amepona akarudi kupiga mlango wa wadi akiomba sindano, na kidonda kilishafunga zamani. Dawa ile, alisema, ukiizoea inakuoa.

Na sio yeye peke yake. Kila aliyekuja kuniona alikuwa na elimu yake. Shangazi alisema maumivu ni nyama inashikana, ukiyazima nyama inasahau kazi. Mzee wa kanisa alisema niyabebe, akanipigapiga penye kidonda kunitia moyo. Hakuna aliyekuwa amepasuliwa katika wote hao.

Daktari alikuwa ameagiza nipewe sindano nikihitaji. Sikiliza vizuri hilo neno, kwa sababu mtu anaweza kufa ndani yake. Nikihitaji. Nani anajua kwamba nahitaji? Sista anapita, anasimama miguuni pa kitanda, anauliza, "Hapa je?" Kabla sijafikiri, Shiundu anajibu.

"Huyu hana neno, sista. Sisi watu wa kwetu hatuliangi."

Na mimi nanyamaza. Kwa upande mmoja nilikuwa na rungu nyuma yangu. Kwa upande mwingine, sitakuficha, nilikuwa sokoni. Niliona kabisa kwamba Sista Ayuma anajua naumwa. Macho yake yalipita kwenye vidole vyangu vilivyoshika chuma cha kitanda. Nikasema moyoni, ana bidhaa, anajua naitaka, na anangoja niitaje. Sitaitaja. Ataiuliza mwenyewe. Naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anasema moyoni, huyu akizidiwa atasema. Hivyo tukakaa, wafanyabiashara wawili wakiongea habari ya mvua, na fahali kati yetu anatoka damu.

Kusafisha kidonda ndiko kulikokuwa kubaya. Upande mmoja kilikuwa kimeachwa wazi kitoe uchafu, na ndani walishindilia kitambaa kirefu. Asubuhi wanakivuta. Kinakuja kimekauka, kimeshika nyama, na nyama haitaki kuachana nacho. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa kijana mwenye mikono mizuri na haraka nyingi, na aliniambia nivumilie maana karibu anamaliza, akaniambia hivyo toka mwanzo wa kitambaa hadi mwisho wake. Shiundu alisimama kichwani. Wagonjwa waliinuka vitandani kutazama uso wangu, kama vile watu wa kijiji. Nilihesabu mbao za dari, nikazihesabu tena, majibu yakakataa kulingana. Niliuma blanketi mpaka jino likalegea. Sikutoa sauti. Yule asiye na vidole akanitumia chungwa na ujumbe kwamba huko ndiko kuitwa dume. Nilipata sifa za kujaza gunia.

Kitu nilichokosa ni hewa. Unajua unavyokunywa uji wa moto, unavuta kidogo tu kwa ncha ya midomo? Ndivyo nilivyojifunza kupumua. Pumzi ikizidi pale, tumbo linapasuliwa upya. Kikohozi kikija nakimeza kama mtu anayemeza mfupa. Nilijiona mjanja. Halafu homa ikaingia, na kifua kikaanza kuchemka chini chini, hata mimi mwenyewe nikilala nilikuwa nakisikia.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliweka chombo chake mgongoni pangu akaniambia nivute pumzi. Nikavuta. Akasema nivute yote. Nikamwambia hiyo ndiyo yote. Akawageukia Shiundu na mke wangu Nafula, aliyekuwa amekaa pembeni na kapu lake.

"Tumbo tulishona vizuri," akasema. "Kitakachomchukua sasa ni kifua. Lazima akohoe atoe huo uchafu, na kwa maumivu haya hawezi kukohoa. Aombe sindano. Leo, sio kesho."

Akaitwa mbio kwenda kwa mtu mwingine wa trela, na neno lake likabaki limening'inia hapo.

"Atakohoa bila kuomba," Shiundu akasema.

Akaniinua, akanikalisha, akanipiga kwa kiganja katikati ya mabega jinsi tunavyompiga ndama aliyepaliwa. Alipiga kwa upendo, naapa, na kwa nguvu zote za mtu aliyelima maisha yake yote. Nilisikia kitu kikiachia tumboni. Wadi ikawa nyeusi kutoka pembeni kwenda katikati. Nilipozinduka bendeji ilikuwa imelowa nyekundu, na kikohozi hakikutoka.

Nafula hakusema kitu mbele yake. Hii nayo lazima uielewe. Kwetu mke hamjibu ndugu mkubwa wa mumewe. Hamwiti jina, hampi kitu mkono kwa mkono, anakaa upande akimpa bega. Alingoja Shiundu atoke nje kuvuta sigara, ndipo akaniinamia.

"Baba Nekesa, omba hiyo sindano."

Nikamwambia kwa pumzi yangu ya uji kwamba Sista ataiuliza mwenyewe.

"Na asipouliza?"

"Atauliza. Amekaribia kuchoka."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mume aliyeleta nyumbani ng'ombe aliyekufa na kumwambia alimpata kwa bei nzuri. Akafunga kapu lake akaenda.

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa alikuja bila kapu. Hakuleta chai wala obusuma, ule ugali wetu. Leso aliifunga kiunoni kwa fundo la nguvu, na miguu ilikuwa mitupu. Kila mwanamke aliyekuwa kwenye ile wadi alilijua hilo fundo. Nikaona mmoja anasimama polepole na kumvuta mtoto wake.

Nafula alisimama miguuni pangu, akaweka mikono kichwani, akalia kilio cha mfiwa.

Kwetu mwanamke akilia msiba hanyamazishwi. Si na chifu, si na mchungaji, si na baba mkwe. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo anaweza kusema lolote juu ya yeyote, na wote wanasikiliza wakiinamisha kichwa. Lakini kumlilia mtu aliye hai ni kukifungulia kifo mlango na kukionyesha kitanda. Watu walianza kukimbia. Mwenye mguu uliofungwa plasta alishuka kitandani na kusahau mguu.

"Mume wangu ameenda," alilia, akienda na kurudi kati ya vitanda. "Mwenye kujua bei ya kila kitu amekufa kwa kukataa kutaja neno moja. Ametuachia sifa, watoto wangu, njooni tupike sifa. Ng'ombe wake wa kahawia nimpe nani? Mchukue wewe, shemeji, naye ukampige mgongoni mpaka afe kiume. Nyamaza mume wangu, nyamaza, sasa umejua kunyamaza."

Shiundu alikuwa na fimbo yake ya ng'ombe. Sijui alitaka kumnyamazisha yeye au kile alichokuwa anakiita. Alimpiga begani, Nafula akaendelea. Akampiga tena, fimbo ikapita sikioni, damu ikashuka shingoni, ikaingia kwenye leso, na bado akaendelea, sauti haikuruka hata neno moja. Aliporudisha fimbo nyuma mara ya tatu ikaigonga chupa yangu ya dripu ikapasukia sakafuni. Hapo wakata miwa wakainuka. Wale wawili waliokatana panga ndio waliotangulia, mmoja akamshika Shiundu koo, mwingine akampiga kwa ule mkono uliofungwa bendeji, na nafikiri hilo ndilo jambo la kwanza walilowahi kukubaliana. Walianguka wote watatu kwenye vioo. Meza ikapinduka. Damu haikujulikana ni ya nani.

Mimi nilitaka kupiga kelele moja tu. Mwache. Neno lenyewe ni fupi. Nikafungua mdomo, pumzi ikafika kooni ikarudi. Nikajaribu tena. Sauti iliyotoka isingefukuza kuku kwenye mahindi. Mke wangu alikuwa anapigwa mbele ya macho yangu, karibu kiasi kwamba damu yake ilinirukia blanketi, nami sikuwa na hewa ya kumtetea. Hapo ndipo nilipojua. Si kwa daktari wala kwa homa. Nafula hakuwa ameita kifo. Alikikuta kimeshalala nami, akatuonyesha.

Viatu vya Sista Ayuma vikaja vikikimbia, na wahudumu nyuma yake. Waliwatenganisha watu. Yeye akapita juu ya vioo akaja kwangu, akainama, maana aliniona midomo inacheza.

"Sista," nikasema, "naumwa."

Nilimwona ameshtuka, kama mtu aliyekuwa amejiandaa kusimama hapo mpaka jua lizame.

"Unasema nini?"

Nikasema mara ya pili, maana vitu vyangu vyote navihesabu mara mbili. "Naumwa sana. Nipe sindano."

Kufuli mbili zikafunguliwa. Sitakudanganya kwamba maumivu yaliisha. Yalihamia chumba cha pili na kufunga mlango, nikawa nayasikia yakigonga huko. Lakini nilipovuta pumzi iliingia. Nafula, sikio limefungwa pamba, akanikumbatisha blanketi lililokunjwa juu ya kidonda, akalikandamiza kwa mikono miwili, nikakohoa. Nikakohoa vitu vya rangi ya molasi. Nikakohoa mpaka nikalia, machozi kabisa, na wadi yote ikaona, na hakuna aliyetuma chungwa. Yule asiye na vidole aligeuza uso upande mwingine, kwa heshima nadhani.

Kesho yake Sista Ayuma alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo walikuwa wanawakataza wengine.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungeniuliza."

"Niliuliza. Nilipita kila siku."

"Uliuliza kitanda. Na aliyejibu alikuwa ndugu yangu."

Akanyamaza, nami nikanyamaza, na safari hii hakuna aliyekuwa anauza. Nikamwambia ukweli, kwamba mwanaume wa kwetu anaweza kufa na hilo neno mdomoni kuliko kulitema mbele ya wanaume wengine. Akaniambia ukweli wake, kwamba analala akiota yule mtu aliyerudi kupiga mlango. Tukapatana. Juu ya kabati la kila kitanda kulikuwa na kikombe cha bati. Kikisimama wima, sina neno. Kikipinduliwa mdomo chini, asiulize, asiseme, alete. Naye akasema atapunguza dawa kadiri ninavyopona, na siku akisema imetosha nisibishane. Nilijaribu kumwomba aongeze siku mbili juu ya hiyo. Akakataa. Nilimheshimu kwa hilo.

Baada ya siku chache jirani yangu mpya akapindua chake. Halafu mmoja wa wale wa panga. Sista alilalamika kwamba sasa akiingia wadini anaona safu ya matako ya vikombe. Lakini alipita, akaleta, na hakuna aliyesema neno, na hakuna aliyechekwa. Watu walianza kukohoa na kutembea. Wadi ilinuka vibaya kama zamani ila ilikuwa na miguu inayotembea.

Nilirudi nyumbani miwa iliyokuwa gotini imenifika kifuani. Suruali zangu zilikuwa za mtu mwingine. Kovu limenipitia katikati kama njia ya trekta, limepinda pale Shiundu aliponipiga, na mkanda mpaka leo hauna mahali pa kukaa. Nekesa, binti yangu, aliomba kuligusa, akaligusa, akanawa mikono. Unaogopa dawa itakuoa? Baada ya sindano nilipewa vidonge, baada ya vidonge sikupewa kitu, na sikurudi kupiga mlango wa mtu. Kwa wengine inawezekana, Sista hakusema uongo. Ndiyo maana unaachia wenye kufuli wapunguze, lakini wewe sema.

Kilio cha mtu aliye hai lazima kirudishwe. Wazee walisema achinjwe kondoo dume, na aliyempiga mfiwa akilia ndiye amlete. Shiundu hakukanyaga kwangu mpaka ile miwa ilipokatwa na kuchipua tena. Halafu akaja na kondoo. Nilimkagua meno, kwa mazoea. Alikuwa kondoo mzuri kupita alivyolazimika. Nafula alimwekea Shiundu kigoda, akamgeuzia bega kama desturi inavyotaka, ila lilikuwa lile bega lililopigwa. Alikaa hivyo mpaka Shiundu akaliona. Tulikula. Mpaka leo Nafula huniambia siku yangu ikifika nisitegemee kilio kizima, nusu nilishachukua.

Miaka ikapita. Miwa ikaanza kulala shambani bila kukatwa, trekta zikapungua. Shiundu akashukwa na mshipa wa ngiri, akauficha mpaka ukamwangusha. Walimpasua hospitali ile ile, wadi ile ile. Sista Ayuma alikuwa bado hajastaafu, nywele nyeupe chini ya kofia, viatu vile vile.

Nilimkuta ndugu yangu ameamka. Amelala chali, taya limebana, vidole vimeshika chuma cha kitanda, na anapumua kwa ncha ya midomo. Nilizunguka nikasimama kichwani pake. Sikuwa na rungu. Kwenye kabati kikombe chake kilikuwa wima. Sista alikuwa anakuja kutoka mwisho wa safu, akitazama makabati, si nyuso.

Nilinyoosha mkono nikakipindua.

Shiundu aligeuza macho. Alikitazama kile kikombe kwa muda. Halafu mkono wake ukaachia chuma, ukatoka polepole, nikadhani anakwenda kukirudisha. Alikisukuma. Akakisogeza hadi ukingoni mwa kabati, mahali ambapo Sista asingeweza kupita bila kukiona.